Tingatinga hakupewa nafasi ya kusikilizwa



Ukitaja tingatinga hapa Igamba, mtoto atafikiri unasema ule mtambo wa kuchonga barabara. Leo nakuomba tumkumbuke Tingatinga mwingine. Huyu alikuwa mtu, na alifariki mwaka 1972. Huenda watoto wako wanaitazama kazi ya mikono yake bila kumjua. Fungua kitabu cha watoto chenye picha za wanyama wa rangi kali: chui mwenye macho makubwa ya duara, madoa yaliyopangwa moja moja, ndege wa shingo ndefu wakijaza ukurasa. Uchoraji huo una mwanzilishi wake, naye ni Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika familia ya wakulima maskini. Mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo, baba yake Mngindo na Mwislamu. Shule hakuipata ya kutosha. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwao kwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Baadaye akashuka Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali. Mwajiri alipoondoka nchini, Edward akabaki mjini bila kazi ya kudumu, akishika hiki leo na kile kesho.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kama ungekutana naye mwaka 1967, ungeona nini? Ungeona mwanamume wa miaka 35, asiye na cheti wala mtaji, anayezunguka mjini akitafuta riziki. Wengi wetu tungempita tu. Wengine tungeshika vizuri pochi zetu.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alinunua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, akazikata vipande vya mraba, na juu yake akapaka rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alichora tembo, chui, ndege, na watu wa kijijini. Mke wake, Agatha, alizichukua picha hizo akaziuza nje ya maduka ya Morogoro Stores, kule Oysterbay, walikopita wageni wengi. Picha zikapendwa. Edward alipata pia ajira ya mhudumu katika hospitali ya Muhimbili, lakini brashi hakuiweka chini.

Sasa angalia alichofanya alipoanza kupata. Angeweza kuificha siri ya kazi yake ili soko liwe lake peke yake. Badala yake aliwaita jamaa zake na vijana waliotoka Tunduru, waliokuwa wakihangaika mjini kama alivyohangaika yeye, akawafundisha nyumbani kwake. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo na Ajaba Abdallah. Walikaa chini pamoja wakichora.

Miaka minne tu ikapita. Mwaka 1972 Edward alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake, mjini Dar es Salaam, polisi wakawadhania kuwa wezi. Risasi zikafyatuliwa. Akafa akiwa na umri wa miaka 40, ameacha mjane na watoto wadogo. Hakuwa mwizi. Hakupata hata nafasi ya kutaja jina lake.

Wanafunzi wake waliendelea na kazi, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji hao wakaanzisha chama chao cha ushirika kinachobeba jina la mwalimu wao. Uchoraji ule ukafika katika vitabu vya watoto. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, jirani zetu kabisa ukishaiacha Tunduma, alikwenda Dar es Salaam akajifunza uchoraji wa Tingatinga, na leo anatunga na kuchora vitabu vya hadithi vinavyosomwa hadi Ulaya.

Katika kimojawapo, kinachohusu samaki wabichi, Mbwa anaiba samaki wa Sokwe. Wanyama wanamkamata. Lakini hawamuui. Wanamfikisha mbele ya hukumu, shauri lake linasikilizwa, na adhabu anayopewa ni kupanda miti. Nami huwaza: mwizi wa hadithini, ambaye kweli aliiba, alisikilizwa. Mtu aliyeanzisha uchoraji wa picha hizo, ambaye hakuiba, hakusikilizwa.

Msomaji wangu, ni rahisi kuwalaumu wale waliokuwa na bunduki usiku ule. Ila sisi je? Kelele za mwizi zikipigwa mnadani au stendi, hatuulizi ni nani anayepiga kelele wala ameona nini. Mawe yanaokotwa. Tairi linatafutwa. Na katika umati huo wamo wabatizwa, waliopokea Komunyo Jumapili iliyopita. Kesho yake tunasikia kwamba marehemu alikuwa mgeni aliyekuwa akiuliza njia, na kila mmoja anasema yeye alikuwa mbali.

Katika Injili ya Yohane, sura ya saba, wakuu wamekwisha kuamua kuwa Yesu ni mkosaji. Nikodemo peke yake anauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alichotenda. Wenzake wakamdhihaki. Lakini swali lake halijazeeka. Anayelikwepa anaweza kumsulubisha Bwana tena akidhani analinda mali ya kijiji.

Na hata kama aliyekamatwa ameiba kweli, bado ni mtu. Mungu bado ana kazi naye, kama alivyokuwa na kazi na kibarua yule wa mkonge, ambaye hadi miaka 35 hakuna aliyejua kilichomo mikononi mwake.

Basi wiki hii, ukisikia kelele hizo, usikimbilie jiwe. Mwite mwenyekiti wa kitongoji, piga simu polisi, simama karibu na aliyekamatwa, umuulize jina lake. Utadhihakiwa, kama Nikodemo. Uliza hivyo hivyo.

Edward Saidi Tingatinga apumzike kwa amani. Nawatakieni Jumapili njema.