Francis Galton na filimbi yake

Francis Galton alizaliwa mwaka wa 1822 huko Birmingham, Uingereza. Yeye na Charles Darwin walikuwa na babu mumoja. Baba yake, mutu wa banki, alikufa mu 1844 na kumuachia feza nyingi. Galton hakutafuta tena kazi ya mushahara. Alitembea Namibia, kisha akabakia na kazi ya kupima: mvua, alama za vidole, vichwa vya watu.

Mu 1876 alitengeneza filimbi ndogo ya shaba na zinki, vitu siye wa huku tunavijua. Ndani kuna kizibo kinachosukumwa na vise. Ukikaza, hewa inabakia na nafasi kidogo, sauti inapanda mpaka mutu hasikii tena. Akapulizia watu wa kila umri. Vijana walisikia. Wazee wengi hapana, na hawakujua kama hawasikii. Jambo hilo lilimchekesha. Akafunga filimbi ku fimbo yake, akaenda kupima nyama wa zoo ya London na paka wa barabarani. Paka walishinda wote.

Leo tunajua sikio la kijana linafika karibu mitetemo 20.000 kwa segonde. Ndiyo sababu diski CD inapima sauti mara 44.100 kila segonde: kushika sauti kunaomba kuipima zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake. Ya juu zaidi inaachwa, hakuna mwenye kuidai.

Mu mine ni mengine. Makelele ya mashini ya kutoboa haingoje uzee. Inaharibu kwanza pale karibu na 4.000, na herufi kama s na f zinaanza kupotea. Baba anarudi ku nyumba anazani bibi yake anasema chini-chini. Naye hajui. Siwezi kucheka. Siye mu sendika tunaomba masikio yapimwe siku ya kuingia kazi, kisha kila mwaka. Bila karatasi ya kwanza, watasema ulikuja nalo vile.

Mu kitabu chake cha 1883, pamoja na filimbi, Galton alitia neno jipya, ejeniki: kuchagua watu gani wazae. Waafrika alikuwa amekwisha kutuweka chini ya Wazungu. Kwa wazo hilo, Marekani na Ujerumani, maelfu ya watu walikatwa uzazi kwa nguvu. Mufalme alimupa cheo mu 1909. Alikufa 1911, bila mutoto.