Mzee Dall na konokono wa vilindini: gamba moja, jina moja, kasheshe miaka mia

Wadau, leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nawaletea habari za mzee mmoja wa Kimarekani, William Healey Dall, aliyefariki mwaka 1927. Wengi waliowahi kulisikia jina lake wanalijua kwa yule kondoo mweupe wa milima ya Alaska, au kwa pomboo mmoja wa Pasifiki ya kaskazini. Wote wawili wanaitwa kwa jina la Dall, lakini hakuwapa yeye. Ni wenzake waliomuenzi tu. Kazi yake mwenyewe ilikuwa makombe: konokono, chaza na jamaa zao, walio hai na waliogeuka mawe. Alitoa majina ya kisayansi zaidi ya 5,000. Elfu tano, hujasoma vibaya.

Sasa kasheshe ni hii. Baadhi ya majina hayo ni ya konokono wa vilindini (si Kilindini ya Mombasa jamani, nasema kilindi chenyewe, kule mwanga wa jua haufiki), na mengine aliyatoa akiwa na gamba moja au mawili tu mkononi. Saa nyingine gamba lenyewe limemomonyoka ncha. Mtu unajiuliza, huo ni utaalamu au ni kubahatisha?

Tuanze mwanzo. Alizaliwa Boston tarehe 21 Agosti 1845. Baba yake alikuwa mchungaji, na mwaka 1855 akaondoka kwenda Calcutta, India, kufanya umisionari. Huko ndo akahamia kweli, nyumbani akawa anarudi kwa vipindi tu. Mama, Caroline Healey Dall, akabaki na watoto, huku akiandika vitabu na kupigania haki za wanawake. Kijana akaokota makombe ufukweni kama watoto wengine, ila yeye hakuacha. Akapita kwa profesa Louis Agassiz pale Harvard, lakini shahada hakuchukua. Za heshima zilimjia ukubwani. Akaenda Chicago, akaajiriwa kwenye kampuni ya reli, na huko akakutana na mpelelezi wa wanyama anayeitwa Robert Kennicott. Kukutana huko ndo kulibadilisha maisha yake.

Mwaka 1865 kampuni ya Western Union ilitaka kupitisha waya wa telegrafu kutoka Marekani, kupitia Alaska ambayo bado ilikuwa mali ya Urusi, ivuke Bering iingie Siberia mpaka Ulaya. Kennicott akawa mkuu wa wanasayansi wa msafara, Dall akachukuliwa. Mei 1866 Kennicott akafariki kule Nulato, ukingoni mwa mto Yukon. Dall, kijana wa miaka 21, akakabidhiwa timu. Hebu fikiria baridi ile, halafu bosi amekufa!

Mwaka huo huo waya mwingine ukalazwa chini ya bahari ya Atlantiki na ukafanya kazi. Mradi wa Alaska ukafa mwaka 1867, watu wakaambiwa warudi makwao. Dall akabaki mwaka mwingine kwa gharama zake. Mwaka 1870 akatoa kitabu kikubwa kuhusu Alaska, ambayo Marekani ilikuwa imeshainunua kwa dola milioni 7.2. Kinachonichekesha ni kwamba waya uliolala sakafuni mwa bahari ndo uliomnyima kazi, halafu sakafu hiyo hiyo ya bahari ikaja kumpa kazi ya maisha.

Aliajiriwa na idara ya upimaji wa pwani mwaka 1871, kisha mwaka 1884 akahamia idara ya jiolojia alikokaa mpaka 1925. Kutunza makombe ya makumbusho ya taifa kule Washington kilikuwa cheo cha heshima tu, mshahara ulitoka idarani. Wenye kazi mbili mjini mtamwelewa huyu mzee.

Zama hizo vilindi ndo vilikuwa vinafunguliwa. Miaka ya 1840 Mwingereza Edward Forbes alidhani kwamba chini ya pima 300 hivi, kama mita 550, viumbe hakuna. Meli zikamkanusha. Challenger ya Waingereza ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876. Wamarekani nao wakawa na Blake, iliyochota kwenye Ghuba ya Mexico na Karibi kati ya 1877 na 1880 chini ya Alexander Agassiz, mtoto wa yule profesa. Baadaye ikaja Albatross. Konokono wa Blake waliishia mezani kwa Dall, na ripoti yake juu yao ikatoka mwaka 1889.

Sasa elewa walivyokuwa wanavuna. Unashusha kitu mfano wa kokoro lenye fremu ya chuma mpaka pima elfu moja, yaani mita 1,800 na ushee. Unalikokota kwenye giza usiloliona, unalivuta juu kwa masaa, halafu linafika na tope. Unachekecha tope, unapata makombe mawili matatu. Ni kama mtu apite juu ya Dar usiku na ndege, ashushe ndoo kwa kamba, ipande na ndala moja ya kushoto, kisha aandike kitabu kuhusu watu wa Dar.

Na hiyo ndala imechakaa. Gamba la konokono ni chokaa, na maji baridi ya vilindini yanaila chokaa. Sehemu inayoliwa kwanza ni ncha, kwa sababu ndo ya zamani kuliko zote: konokono huanza kujenga gamba pale akiwa mchanga, kisha anaongeza kuzunguka kushuka chini. Bahati mbaya ncha ndo yenye habari nzuri. Ikiwa na mizunguko mingi midogo, ujue mtoto alielea muda mrefu akila vijidudu vya majini, kwa hiyo ukoo wake unaweza kuenea bahari nzima. Ikiwa na mizunguko michache minene, mtoto alitoka kwenye yai lenye kiini kingi, akaanza kutambaa hapo hapo. Kwa hiyo ukipewa magamba mawili yanayofanana, moja la Karibi na lingine la karibu na Ureno, ncha ingekusaidia kujua kama ni spishi moja au mbili. Ikishalika, umebaki na macho yako na uzoefu. Hapo sijataja tofauti za umri, wala gamba tupu lililohamishwa na kaa.

Dall hakuwa mbumbumbu wa haya. Mwaka 1890 alitoa mhadhara mzima mbele ya wanabiolojia wa Washington kuhusu moluska wa vilindini na hali wanamoishi. Pia alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho, yaani vya kulinganishia. Miaka ya mwanzo ya 1880 makumbusho yake yalinunua mkusanyiko wa Mwingereza John Gwyn Jeffreys, wenye makombe mengi ya vilindi vya upande wa Ulaya. Bila kulinganisha, kila gamba linaonekana jipya.

Na akipata nyama ndani ya gamba alikuwa haachi. Mwaka 1882 aliandika kuhusu konokono wadogo wenye gamba la umbo la kofia, kutoka maji marefu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kwa nje ungesema ni ndugu wa wale wanaoganda kwenye miamba ufukweni. Dall akaangalia mwili na ule utepe wa meno wa mdomoni, radula, akaona hapana, hawa ni watu wengine kabisa. Akaanzisha jenasi Cocculina na Addisonia, na kila moja akaipa familia yake. Familia zote mbili zinatumika mpaka leo. Imekuja kujulikana pia kwamba Cocculina wengi wanaishi kwenye mbao zilizozama, na Addisonia kwenye maganda matupu ya mayai ya papa na taa. Umbo la kofia limejitokeza mara nyingi kwa koo tofauti za konokono, kwa hiyo aliyetazama gamba peke yake amekwisha.

Lakini nisimpambe sana. Kiukweli mzee alikuwa mwepesi wa kutoa majina, na uzee haukumpunguza kasi. Mwaka 1908 ripoti ya Albatross ya Pasifiki ya mashariki. Mwaka 1909, yeye na Paul Bartsch, kitabu kizima cha konokono wadogo wa familia Pyramidellidae, wengine wakubwa kidogo tu kuliko punje ya mchele. Tofauti ndogo ya mistari, jina jipya. Majina mengine aliyatoa bila mchoro, maelezo matupu, ukitaka kuhakikisha shurti usafiri hadi Washington ukafungue droo. Waliokuja nyuma wametumia miaka mingi kuunganisha majina hayo, wakigundua kuwa mawili matatu ni mnyama mmoja. Na kundi lililoitwa Turridae, ambalo Dall na wenzake walilijaza spishi za vilindini kwa kufuata gamba, vipimo vya DNA vimelisambaratisha kuwa familia zaidi ya 10. Hapo lawama si ya Dall peke yake, wote walikuwa na gamba tu.

Sasa sikilizeni kisa kilichonifanya nimwandike. Mwaka 1918, akiwa na miaka zaidi ya 70, alieleza konokono mmoja mdogo wa pwani ya Pasifiki ya Marekani. Akamwita lomana, akamweka ndani ya Trichotropis, jenasi ya konokono wa maji baridi wenye gamba la manyoya. Ila kuna kitu hakikumkaa sawa, akamtengea kijumba chake humo ndani, akakiita Provanna. Basi. Tarehe 27 Machi 1927 akafariki Washington, na Provanna akabaki droo lake, hana anayemsumbua.

Mwaka 1977 wanasayansi kwenye nyambizi Alvin walikuta chemchemi za maji moto chini ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, zimezungukwa na viumbe wanaotegemea bakteria wa kemikali badala ya jua. Konokono wakapandishwa, safari hii na nyama zao. Mwaka 1986 Anders Warén wa Sweden na Philippe Bouchet wa Ufaransa walipotangaza spishi nne mpya kutoka chemchemi hizo za Pasifiki ya mashariki, jenasi waliyozitia ilikuwepo tayari: Provanna ya mzee Dall. Mwaka 1991 ikapewa familia yake, Provannidae, mbali kabisa na Trichotropis. Kwa hiyo mzee alikosea nyumba lakini alipatia mtu. Hakuwa na habari ya chemchemi wala ya bakteria. Aliona tu gamba halifanani na majirani zake, akalitenga.

Wanaosema angesubiri apate vielelezo vingi wana hoja, ila nawapa mfano wa upande wa pili, na ni wa Bahari ya Hindi hii hii yetu. Mwaka 2001 kwenye chemchemi za Kairei, katikati ya bahari, alionekana konokono mwenye magamba ya chuma mguuni. Dunia nzima ikamshangaa. Jina rasmi, Chrysomallon squamiferum, likaja mwaka 2015. Miaka 14! Dall angeshampa kabla meli haijatia nanga. Mwaka 2019 konokono huyo akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya dunia ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya mipango ya kuchimba madini sakafuni mwa bahari. Kwenye orodha ile anaingia spishi mwenye jina lake, si yule jamaa wa magamba.

Wadau, nyie mngekuwa na gamba moja lisilo na ncha mngesubiri la pili, au mngetoa jina? Uwanja ni wenu hapo chini.