JOHN KIRK NA SUMU YA MISHALE

Jina la John Kirk hutajwa zaidi katika habari za Unguja, ambako aliiwakilisha Uingereza mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wamisionari wa Kiingereza waliofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877 walianzia safari yao huko. Lakini sisi leo twamkumbuka kwa jambo jingine, ambalo askari atalielewa upesi, nalo ni silaha.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, na wakati wa Vita vya Krimea alitumikia katika hospitali ya majeruhi huko Uturuki. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Katika nchi zile wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokayo katika mbegu za mmea utambaao juu ya miti. Kirk aliichukua kidogo, nayo ikagusana na mswaki wake mizigoni. Alipousugua meno alionja uchungu, na alipojipima mapigo ya moyo akaona yamepungua.

Sumu hiyo ilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser. Bwana huyu alikuwa amekwisha kuchunguza maharagwe ya Calabar ya Afrika Magharibi, ambayo mshtakiwa alinyweshwa ili ijulikane kama ana hatia. Upelelezi wa namna hiyo hatuupendekezi kwa kituo chochote cha polisi!

Neva ikiuamuru msuli ukaze hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na mwili huivunja mara moja ili msuli ulegee. Maharagwe yale huzuia isivunjwe. Amri haikomi, misuli hutetemeka mpaka ikachoka, na pumzi hukatika. Gesi ya vita iitwayo sarini hupita njia hiyo hiyo. Kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, huziba mlango wa msuli, amri isiingie, na mtu akalegea mwili mzima.

Kombe haina haja na amri hiyo. Huushika msuli wa moyo wenyewe, ikazuia pampu itoayo sodiamu katika seli, hata kalsiamu ikazidi ndani na moyo ukakaza kwa nguvu. Ikiwa kidogo humfaa mgonjwa wa moyo. Ikizidi, mapigo huvurugika na moyo husimama. Mwaka 1885 Fraser aliwaeleza madaktari wenzake matumizi yake kuwa dawa.

Sifa walipewa Kirk na Fraser. Wawindaji walioijua sumu ile, wakajua na kipimo chake, hawakuandikwa majina, na jambo hilo twaliona dhuluma. Kilichobaki ni neno lao tu: mmea wenyewe wataalamu huuita Strophanthus kombe.

Kirk alifariki Uingereza mwezi Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89.