Gertrude Elion, mwanamke aliyeongoza watafuta dawa bila shahada ya udaktari

Mama mjamzito anapokwenda CPN mjini Bukavu, Goma ao Bunia, muuguzi humpa vidonge vya Fansidar amezee pale pale, ili malaria isimshambulie yeye na mtoto aliye tumboni. Ndani ya vidonge hivyo mna pirimethamini, dawa iliyotoka katika maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome, karibu na New York, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiongozi wa utafiti humo alikuwa George Hitchings. Mkono wake wa kulia alikuwa mwanamke: Gertrude Elion.

Elion alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Baba yake, daktari wa meno mwenye asili ya Lithuania, alipoteza mali katika anguko la soko la hisa la mwaka 1929. Gertrude alipokuwa na miaka 15, babu yake aliyempenda sana alikufa kwa kansa ya tumbo, na msichana akaamua kusoma kemia. Bahati nzuri, Hunter College iliwapokea wasichana waliofaulu bila kuwalipisha minervali. Alimaliza mwaka 1937 kwa alama za juu kabisa.

Alama hizo hazikumsaidia. Vyuo 15 alivyoviandikia havikumpa msaada wa masomo, na mahali pamoja aliambiwa kwamba msichana katika maabara atawavuruga wanaume. Akafundisha wauguzi kwa miezi mitatu, akafanya kazi ya maabara bila mshahara, akasoma usiku hadi kupata shahada ya pili mwaka 1941. Mwaka huohuo mchumba wake alikufa kwa maambukizi ya moyo, ugonjwa ambao penisilini ingeweza kuuponya miaka michache baadaye. Hakuolewa tena kamwe.

Ni vita vya pili vya dunia vilivyomfungulia mlango, kwa sababu wanaume walikuwa jeshini. Kwanza alipima ukali wa achari na rangi ya viini vya mayai katika kampuni ya vyakula. Alipoona hakuna jipya la kujifunza, aliondoka. Mwaka 1944 Hitchings akamwajiri. Jioni alikuwa akisomea udaktari wa kemia huko Brooklyn, mpaka mkuu wa kitivo alipomtaka aache kazi na kusoma mchana. Elion aliacha masomo, akabaki na kazi. Kwa mtafiti wa wakati ule, huko kulikuwa kujifungia njia ya vyeo kwa mkono wake mwenyewe.

Watengeneza dawa wengi wa siku zile walijaribu hiki na kile kwa kubahatisha. Hitchings na Elion walianza na swali: seli inayozaana haraka, iwe ya kansa ao ya mikrobu, inahitaji matofali ya kujengea DNA, je, ikipewa tofali bandia, si ujenzi utasimama?

Moja ya dawa zao za mwanzo alipewa mwanamke wa miaka 23 mwenye kansa ya damu. Alipona vizuri hadi waganga wakatilia shaka kama kweli aliugua. Aliolewa, akazaa mtoto. Kisha ugonjwa ukarudi, akafa. Kifo hicho kilimuuma Elion kwa miaka mingi, lakini alirudi kwenye meza yake na kutengeneza molekuli nyingine zaidi ya mia moja. Kati ya hizo ilitoka 6-merkaptopurini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1953. Wakati ule nusu ya watoto wenye kansa kali ya damu walikufa ndani ya miezi michache. Peke yake dawa hiyo iliwaongezea muda tu. Ilipochanganywa na nyingine, watoto wakaanza kupona. Mpaka leo inatumika.

Zikafuata azathioprini, iliyowezesha kupandikiza figo ya mtu asiye ndugu, na alopurinoli ya ugonjwa wa jongo.

Mwaka 1967 Elion alipewa idara nzima. Aliijaza wanakemia, wataalamu wa virusi, wa vimeng'enya na wa kinga ya mwili, wote wakilitazama tatizo moja kutoka pande zao. Yeye mwenyewe, mwanakemia, alikuwa amejifunza fani hizo moja baada ya nyingine kwa kufuata dawa zake zilikokwenda mwilini, hivyo aliweza kuzungumza na kila mmoja kwa lugha ya kazi yake. Mwaka 1978 walitangaza asikloviri, dawa ya virusi vya herpesi. Uzuri wake ni kwamba inakaa kama imelala hadi ikutane na kimeng'enya cha virusi chenyewe. Seli nzima haiguswi sana.

Alistaafu mwaka 1983. Ndipo UKIMWI ulipokuwa unaenea, na watu aliowafundisha, wakitumia njia zake, wakagundua kwamba AZT, molekuli iliyokuwapo tangu 1964, inazuia virusi vya ugonjwa huo. Mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuruhusiwa. Elion alikataa kuitwa mvumbuzi wake. Sifa aliyoikubali ni ya kuwafundisha namna ya kufanya kazi, basi.

Mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na Mwingereza James Black. Mwaka uliofuata, chuo cha Brooklyn alichokiacha kilimpa udaktari wa heshima. Alifariki tarehe 21 Februari 1999, akiwa na miaka 81, na hadi miaka yake ya mwisho aliendelea kuwaongoza wanafunzi wa udaktari katika utafiti kwenye Chuo Kikuu cha Duke.