Alan Blumlein, Aliyetupa Kushoto na Kulia

Mwanachuo mwenzangu, kama una sabufa hosteli na umezungushia spika nne kwenye kona za chumba, una deni la shukrani kwa mtu ambaye huenda hujawahi kumsikia.

Alan Dower Blumlein alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Utotoni alichelewa kujua kusoma vizuri, ila hesabu na umeme alivipenda mapema. Mwaka 1929 aliajiriwa na Columbia, kampuni ya santuri, ambayo mwaka 1931 iliungana na nyingine ikawa EMI.

Mwaka huohuo alikwenda sinema na Doreen, aliyekuja kuwa mkewe. Mwigizaji anatoka upande huu wa kioo kwenda ule, sauti imeganda palepale. Watu walishazoea, yeye ikamkera. Tarehe 14 Desemba 1931 akaomba hataza ya kurekodi kwa njia mbili, yenye vipengele 70. Januari 1934 alikuwa Abbey Road akirekodi okestra ya London Philharmonic kwa mtindo huo.

Sisi wa Usukumani hatuhitaji maabara kumwelewa. Bagika na Bagalu wakishindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, wakigombania watazamaji. Simama katikati ufumbe macho: bado utanyoosha kidole ngoma ya nani iko wapi. Stirio ndiyo hiyo. Warekodi kwa maiki moja, wote wanakuwa uji mmoja.

Blumlein alionyesha pia kwamba kushoto na kulia vinaweza kujumlishwa na kutolewa. Jumla hukoleza kilicho sawa pande zote, mara nyingi sauti ya mwimbaji. Tofauti hubakiza mwangwi wa ukumbi, makofi na vyombo vya pembeni. Miaka mingi baadaye hesabu hiyo ikawa msingi wa kuipanua stirio ikuzunguke: jumla inakwenda spika ya katikati, tofauti spika za nyuma. Mmarekani David Hafler aliirahisisha kabisa, akaunga spika za nyuma kati ya nyaya chanya za kushoto na kulia, zikapiga tofauti tu. Kumbe ndiyo maana wimbo wa mono ukiupitisha hapo, nyuma kimya! Sawa kutoa sawa ni sifuri.

Vita vilipokuja, Blumlein alihamia kwenye rada. Tarehe 7 Juni 1942 ndege ya Halifax iliyokuwa ikijaribu rada ya H2S iliwaka moto ikaanguka Herefordshire. Wote 11 walikufa. Alikuwa na miaka 38, akaacha mjane na watoto wawili wa kiume. Kwa siri ya vita, kifo chake hakikutangazwa wakati ule. Santuri za stirio zilikuja kushika soko mwaka 1958, mwenyewe hayupo.

Maisha yake yanatuachia kazi. Likizo hii wengi tunarudi Geita, Kahama na Maswa, na wazee wanaojua nyimbo za ngoma wanapungua. Tukiwarekodi, tutumie maiki mbili, au simu inayorekodi stirio. Kompyuta za leo zinaweza kubahatisha mpigaji alikaa upande gani, lakini kubahatisha si kukumbuka. Upande ambao haukurekodiwa, hakuna spika itakayourudisha.