Elias Howe, mwenye hati ya cherehani

Siku kumi za mwisho za mwezi wa Ramadhani ni siku ambazo mafundi wetu hawapati usingizi. Iwe ni Mombasa, Malindi au Lamu, mtu anayetoka msikitini baada ya tarawehe husikia vyerehani vikilia vibarazani, kwa kuwa kila mmoja ataka kanzu yake iwe tayari kabla mwezi wa Idd haujaandama. Na kanzu ya mtoto nayo haina budi kuwa tayari, ama sivyo nyumba haitakalika.

Cherehani nyingi za mafundi wetu wa zamani zina jina moja lililoandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu: Singer. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba Bwana Singer ndiye aliyebuni cherehani. Sivyo. Korti ya Marekani ilipoulizwa mwaka 1854 nani mwenye haki ya mashine hiyo, ilimtaja mtu mwingine, naye ni Elias Howe. Singer alilazimika kumlipa.

Maisha ya mtu huyu yafaa kusimuliwa, kwani yanaonyesha jinsi chombo kimoja cha nyumbani kilivyogombewa, kikaigwa na kushitakiwa, mpaka wagombanao wakakubali kufanya sulhu.

MTOTO WA SHAMBA

Elias Howe alizaliwa tarehe 9 Julai, 1819, katika mji wa Spencer, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kinu cha kusagia nafaka. Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu wa mwili, na alichechemea tangu utotoni, hivyo kazi nzito ya shamba haikumfaa. Mwaka 1835 alikwenda mji wa Lowell kujifunza kazi katika karakana ya mitambo ya kufuma nguo. Miaka miwili baadaye biashara ilianguka kote Marekani na kazi yake ikapotea. Akahamia Cambridge, na kisha akaajiriwa mjini Boston na fundi mmoja stadi aitwaye Ari Davis, aliyekuwa akitengeneza vyombo vya kupimia na saa.

Ni katika karakana hiyo, yasemekana, alipowasikia watu wakizungumza kwamba atakayeweza kutengeneza mashine ya kushona atakuwa tajiri. Maneno hayo yalimwingia Howe moyoni. Wakati huo mshahara wake ulikuwa dola 9 kwa juma, naye alikuwa na mke na watoto watatu. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka hata asiweze kula, na usiku mkewe, Elizabeth, alishona nguo za watu kwa mkono ili kuongeza riziki. Howe alikaa akiutazama mkono wa mkewe ukienda na kurudi, akifikiri jinsi ya kuufanya mkono huo uwe wa chuma.

Kwanza aliiga mkono wenyewe, akatengeneza sindano yenye ncha mbili na tundu katikati. Haikufaa. Baadaye akagundua kwamba mashine haina haja ya kushona kama binadamu. Alilihamisha tundu la sindano kutoka mwisho na kuliweka karibu na ncha, na chini ya kitambaa akaweka kidude kidogo chenye umbo la ngalawa kilichobeba uzi wa pili. Sindano ikipenya hufanya kitanzi, na kile kidude hupita ndani ya kitanzi hicho, nyuzi mbili zikafungana. Kila fundi wetu anaujua mshono huo.

Katika ukoo wake husimuliwa kwamba aliota ndoto, akaona mashujaa wenye mikuki iliyotobolewa karibu na ncha, akaamka amepata jibu. Ni kisa kitamu, lakini yeyote aliyefanya kazi ya ufundi anajua kwamba ndoto ya namna hiyo humjia mtu aliyekwisha kuhangaika mchana kutwa.

UMASKINI NA SAFARI YA LONDON

Mwishoni mwa mwaka 1844 rafiki yake waliyesoma pamoja, George Fisher, mwuza kuni na makaa ya mawe, alimpokea nyumbani kwake pamoja na jamaa yake, akampa dola 500 za vifaa. Sharti lilikuwa kwamba wagawane nusu kwa nusu faida itakayopatikana. Mwaka 1845 mashine ikashona. Howe alishona nguo za watu wawili, zake na za Fisher.

Kisha aliipeleka mashine kwenye kiwanda cha nguo huko Boston na kushindana na wanawake watano waliokuwa hodari wa kushona. Kila mmoja alipewa pindo moja, naye akapewa mapindo matano. Alimaliza kabla yao. Hata hivyo hakuna aliyenunua. Bei ilikuwa kama dola 300, na mafundi cherahani wa mji, kama tungewaita leo, waliogopa kwamba chuma kingewanyang'anya mkate. Hofu hiyo haikuwa ngeni. Mwaka 1831 huko Paris, mafundi wenye hasira walivivamia viwanda vya Mfaransa Barthélemy Thimonnier na kuzivunja mashine zake za kushona.

Tarehe 10 Septemba, 1846, serikali ya Marekani ilimpa Howe hati ya uvumbuzi namba 4,750. Sisi watu wa Pwani twaijua vyema thamani ya hati: kuna aliyelima shamba la babu yake maisha yake yote, na siku ya kesi akaulizwa karatasi iko wapi. Howe alikuwa na karatasi. Alichokosa ni chakula.

Ndugu yake Amasa aliipeleka mashine Uingereza, na huko mfanyabiashara William Thomas, mwenye kiwanda cha mavazi ya wanawake ya kubana kiuno, akainunua pamoja na haki yake ya Uingereza kwa pauni 250. Howe mwenyewe akaenda London kumfanyia Thomas kazi, wakagombana, akaachwa bila kazi katika mji wa ugenini. Aliirudisha jamaa yake Marekani kwanza. Ili apate nauli yake mwenyewe, aliweka rehani mashine yake ya kwanza na ile hati ya uvumbuzi.

Aliteremka New York mwaka 1849 akiwa hana kitu. Huko akapata habari kwamba mkewe yu mahututi kwa kifua kikuu. Alimwahi kabla hajafariki, lakini alikwenda mazikoni na nguo ya kuazima. Mtu aliyetaka mashine yake iwavishe watu wote hakuwa na nguo ya kumzikia mkewe.

VITA VYA CHEREHANI

Wakati Howe alipokuwa ng'ambo, mambo yalikuwa yamebadilika nyumbani. Mafundi mbalimbali walikuwa wakitengeneza na kuuza vyerehani, na karibu zote zilitumia sindano yenye tundu penye ncha na ule mshono wa nyuzi mbili. Hakuna aliyemwomba ruhusa.

Aliyekuwa na kishindo zaidi ni Isaac Merritt Singer, mtu mrefu aliyewahi kuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Mwaka 1850 huko Boston alionyeshwa cherehani mbovu, akaitengeneza upya, na mwaka 1851 akapewa hati yake mwenyewe. Kwa haki, tukubali kwamba Singer aliongeza mambo makubwa. Katika mashine ya Howe kitambaa kilisimamishwa wima na kuchomekwa kwenye bamba lenye pini, na bamba likifika mwisho fundi alilazimika kusimama akipange tena. Sindano ilikuwa imepinda na ilikwenda upande upande. Singer alilaza kitambaa juu ya meza, akaisimamisha sindano ipande na kushuka, na akaipa mashine kanyagio la mguu ili mikono yote miwili iwe huru. Cherehani ya fundi wetu yafanana zaidi na ya Singer kuliko ya Howe. Lakini moyo wake, yaani sindano na mshono, ulikuwa wa Howe.

Howe aliikomboa hati yake kutoka rehani na kwenda kortini. Hisa ya Fisher, aliyekwisha kata tamaa, ilinunuliwa na George Bliss, ambaye alitoa fedha za kesi. Baba yake Howe aliweka shamba lake kuwa dhamana. Wengine wakakubali kulipa mrabaha, lakini Singer na wakili wake, Edward Clark, wakakataa.

Singer alitafuta njia ya kuibatilisha hati ya Howe kwa kuonyesha kwamba yuko aliyemtangulia. Akampata. Huyo ni Walter Hunt wa New York, mtu mpole mwenye akili nyingi na bahati haba, aliyebuni pia ile pini ambayo akina mama huwafungia watoto nepi, akaiuza haki yake kwa dola 400 tu. Kati ya mwaka 1832 na 1834 Hunt alikuwa ametengeneza mashine yenye sindano ya tundu penye ncha na mshono ule ule. Lakini hakuchukua hati. Husimuliwa kwamba binti yake alimwambia mashine hiyo ingewakosesha riziki wanawake maskini wanaoshona, naye akaiacha.

Mwaka 1854 mkuu wa ofisi ya hati za uvumbuzi alikiri kwamba Hunt ndiye aliyetangulia. Lakini alisema kwamba Hunt aliitupa kazi yake kwa miaka mingi, na sheria haiwezi kumnyang'anya Howe aliyehangaika mpaka watu wakaijua. Mwaka huo huo korti ya Massachusetts nayo ikampa Howe ushindi. Singer akamlipa dola 15,000, na watengenezaji wengine wakatakiwa kulipa dola 25 kwa kila cherehani.

Hapa msomaji ataona jambo la kutatiza. Howe alipata haki yake, na ilikuwa haki, kwani aliyapata kwa jasho lake bila kuiona kazi ya Hunt. Lakini haki hiyo ilisimama juu ya mtu mwingine aliyefika mbele yake bila karatasi. Mwaka 1858 Singer alikubali kumlipa Hunt dola 50,000 kwa mafungu, naye Hunt akafa mwaka uliofuata kabla hajazipata.

SULHU YA ALBANY

Kushindwa kwa Singer hakukumaliza vita. Kampuni za Singer, Wheeler and Wilson, na Grover and Baker zilishitakiana kila upande. Mmoja alikuwa na hati ya sindano, mwingine hati ya meno yanayosogeza kitambaa, mwingine hati ya kukilaza kitambaa juu ya meza. Hakuna aliyeweza kutengeneza cherehani nzuri bila kugusa mali ya mwenzake. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa safari hii walikuwa mawakili.

Mwaka 1856 walikutana mjini Albany kwa ajili ya kesi. Orlando Potter, mkuu wa Grover and Baker, aliye pia mwanasheria, akawauliza kwa nini wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Wakakubaliana kuziweka hati zao zote katika chungu kimoja. Kila atakayetengeneza cherehani angelipa dola 15, na katika hizo Howe angepata dola 5. Howe hakuwa na kiwanda kikubwa kama wenziwe, lakini bila hati yake sulhu isingefaa kitu. Naye aliweka sharti jema, kwamba wasijifungie mlango peke yao, bali watengenezaji wasiopungua 24 wapewe ruhusa.

Mwaka 1860 hati ya Howe iliongezwa miaka 7, ada ikapunguzwa kuwa dola 7, na fungu lake likawa dola 1. Hata hivyo jumla ya mapato yake ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 2. Mtu aliyeazima nguo ya mazikoni akawa miongoni mwa matajiri wa Marekani.

Nani aliyelipa? Ni mnunuzi. Ada ile iliingizwa katika bei, na muungano wao ulidumu mpaka mwaka 1877, hati ya mwisho ilipokwisha muda, bei zikashuka. Lakini mnunuzi naye alipata kitu. Kwa hesabu ya Wheeler and Wilson, shati la mwanamume lililochukua saa 14 na dakika 26 kushonwa kwa mkono lilishonwa kwa mashine katika saa 1 na dakika 16.

MWISHO WAKE

Utajiri haukumfanya Howe asahau alikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alijiandikisha mwaka 1862 kuwa askari wa kawaida katika kikosi cha 17 cha Connecticut. Kwa kuwa mwili haukumruhusu kupigana, akapewa kazi ya kupeleka barua za askari. Serikali ilipochelewesha mishahara ya kikosi, aliitoa mfukoni mwake.

Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, alipewa medali ya dhahabu na nishani ya heshima ya Ufaransa. Mwezi wa Septemba mwaka huo hati yake ikaisha muda. Haukupita mwezi, tarehe 3 Oktoba, akafariki Brooklyn akiwa na umri wa miaka 48.

Leo jina la Howe hulioni juu ya cherehani ya fundi. Clark, wakili wa Singer, alianzisha mwaka 1856 mpango wa kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, na kwa njia hiyo jina la Singer likaingia nyumba za watu wa kawaida, likavuka bahari mpaka likafika vibarazani kwetu.

Hunt alitangulia, Howe akawa na hati, Singer akajua kuuza. Kila mmoja alisema cherehani ni yake, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Kama wangefanya sulhu mapema, pengine Hunt asingekufa akingoja, na mafundi wangeipata mashine kwa bei nafuu zaidi. Siku utakapokwenda kuchukua kanzu yako ya Idd, utazame mshono wake. Hakuna jina juu yake, lakini umepitia mikono ya wote watatu.