Maisha ya Philly Bongoley Lutaaya

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, redio za madukani hupiga nyimbo za Krismasi za Kiganda ambazo hata watoto wadogo wanazijua. Huku kwetu Nyakalengija tunazisikia pia, na wanafunzi wengi huziimba bila kujua ni nani aliyezitunga. Wala hawajui ya kuwa mtungaji huyo alikufa siku 10 tu kabla ya Krismasi. Wazee wetu waliosoma zamani wanamkumbuka vizuri. Basi, habari hizi ni kwa ajili yetu sisi tuliozaliwa baadaye.

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951. Alianza kazi ya muziki angali kijana, katika miaka ya 1960, wakati dansi za bendi zilipokuwa zikipendwa sana Kampala. Kazi hiyo haikuwa na heshima kubwa machoni pa wazazi, kwa maana waliona ya kuwa mpiga gitaa au mpiga ngoma ni mtu asiye na kazi. Lakini Lutaaya hakuiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisafiri Kongo, nchi iliyokuwa mashuhuri kwa muziki wa rumba, kisha akapiga muziki Kenya na hata Japani. Katika miaka ya 1980 alikwenda kukaa Stockholm, mji mkuu wa Sweden.

Huko ugenini alikutana na wanamuziki wengine kutoka Uganda, miongoni mwao Sammy Kasule na Frank Mbalire. Wakaungana wakatoa santuri iitwayo Born in Africa, ambayo ilipendwa sana nyumbani. Baada ya hiyo alitoa nyimbo zake za Krismasi. Sasa jina lake lilijulikana kila mahali Uganda, na maisha yake huko Ulaya yalikuwa mazuri.

Lakini wakati ule ule msiba mkubwa ulikuwa umeingia nchini. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, kando ya Ziwa Victoria, waliona wenzao wakikonda na kufa. Wengine walidhani ni uchawi. Ugonjwa ukaitwa siliimu, kwa sababu ya kukondesha. Nao ndio Ukimwi. Hapakuwa na dawa ya kuutuliza katika hospitali zetu. Wagonjwa waliogopwa, na jamaa walificha sababu ya kifo hata siku ya mazishi. Mwaka 1987 bibi mmoja jina lake Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikufa kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO ili kuwasaidia wagonjwa. Hata hivyo wengi waliendelea kunyamaza.

Lutaaya naye akapata ugonjwa huo. Angeweza kukaa kimya Stockholm, wala hakuna mtu wa Uganda ambaye angejua. Badala yake alirudi nyumbani mwaka 1989 na kutangaza mbele ya watu wote ya kuwa ana Ukimwi. Alikuwa mtu mashuhuri wa kwanza wa Uganda kufanya hivyo.

Je, watu walimpokea kwa shukrani? Sivyo. Wengi hawakumsadiki. Walimtazama, wakaona mwili wake bado una nguvu, wakasema anatafuta fedha na sifa. Fikiri, msomaji, jinsi jambo hilo linavyouma: mtu kutoa siri yake iliyo nzito kuliko zote, kisha kuitwa mwongo. Lakini yeye hakurudi nyuma. Alizunguka katika shule na makanisa akiwaonya vijana na kuwaombea huruma wagonjwa. Akatunga pia nyimbo za mwisho, juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, katika santuri iitwayo Alone and Frightened. Nguvu zikamwishia upesi, na watu waliokuwa na shaka wakaona kwa macho yao ya kuwa alisema kweli. Alikufa tarehe 15 Desemba 1989, umri wake miaka 38.

Ili tujue ukubwa wa jambo hilo, tumtazame Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen huko Uingereza. Naye alikuwa na ugonjwa huo huo, akautangaza siku moja tu kabla ya kufa kwake, Novemba 1991. Hatumlaumu, kwa kuwa hofu ilikuwa kubwa dunia nzima. Wapagazi wetu wapandao Rwenzori wanajua ya kuwa katika matope ya Bigo mtu wa mbele ndiye azamaye kwanza, na wa nyuma hupita penye nyayo zake. Lutaaya alikuwa mtu wa mbele.

Baada yake wagonjwa wengine walipata moyo wa kusema, wakaenda mashuleni kwa jina lake kuwafundisha vijana. Katika miaka ya 1990 maambukizo yalipungua Uganda, kwa juhudi za watu wengi, naye ni mmoja wao. Mwaka 2004 dawa zilianza kutolewa bure, na leo mtu mwenye virusi aweza kuishi miaka mingi na kuwalea watoto wake. Lutaaya hakuziona dawa hizo.

Wenzangu, jambo moja bado halijakwisha. Katika mabweni wapo vijana waliozaliwa na virusi, nao humeza vidonge vyao gizani wakiogopa kuchekwa. Tukiimba nyimbo za Lutaaya wakati wa Krismasi na huku tunamcheka mwenzetu, tumemsahau mtu huyo. Mwenye vidonge na avimeze mchana, mbele yetu, na aliye karibu ampe maji ya kunywa.